Nukta Nyekundu Yenye Mkia

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye duka la miwani kule Rockville, nimeketi nikimsubiri fundi akaze mkono wa miwani yangu uliolegea. Akachukua kichupa kidogo, akadondosha mafuta kwenye skrubu, na harufu ikanifikia kabla hajakifunga. Harufu nyepesi, tamu kidogo, kama chuma kilichoachwa juani. Wengine wakiinusa humkumbuka bibi na cherehani yake. Mimi nilimkumbuka Baba na bastola yake ya kuwindia.

Najua mnashangaa. Mzee wa Tanga, fundi umeme wa majengo, anayevaa kanzu kila Ijumaa, na bastola? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Rafiki yake wa kazini, Mjomba Njuguna kutoka Nyeri, ndiye aliyemfundisha kuwinda kulungu kwenye misitu ya Maryland, hapa Marekani, ambako wamejaa hadi wanakula maua ya watu bustanini. Baba alikuwa amewahi kuanguka kutoka kwenye ngazi kazini, na bega lake halikuweza tena kustahimili kitako cha bunduki. Ndipo akanunua bastola ya silinda, ndefu, nzito kama nyundo. Mama, ambaye ni nesi, alikubali kwa sharti kwamba ikae ndani ya kabati la chuma na ufunguo akae nao yeye. Baba alipoisafisha mezani, katika nyumba yetu ya kupanga pale Takoma Park, mimi niliruhusiwa kukaa upande wa pili na kutazama tu. Nilitazama kweli. Nilitaka kujua kila tundu lina kazi gani.

Nilikuwa darasa la nne alipoanza kukasirika na bastola hiyo. Alirudi jioni moja mikono mitupu, viatu vimejaa tope, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Nilimpiga, akakimbia," alimwambia Mama. "Tumemtafuta mpaka giza. Hatukumpata."

"Basi acha, baba Rehema. Nyama iko dukani."

"Kile kinundu cha kulengea, kule mwisho wa mtutu. Sikioni sawasawa. Naona ukungu."

"Ni umri huo," Mama alisema, akamwekea chai.

Kesho yake alfajiri, baada ya swala, alirudi msituni peke yake bila silaha, kumtafuta yule mnyama. Hakumpata.

Njuguna ndiye aliyeleta wazo la kioo cha kulengea. Kuna vya aina mbili, alitueleza, akichora kwa kidole kwenye kitambaa cha meza. Kuna darubini ndogo inayofungwa juu ya bastola na kumvuta mnyama karibu. Halafu kuna kijidirisha kisichokuza kitu, ila ndani yake inawaka nukta nyekundu. Unaiweka nukta pale unapotaka risasi ifike, basi.

"Mimi nakuambia uchukue darubini," Njuguna alisema. "Utampiga akiwa hata kule ng'ambo. Hiyo nukta ni ya watu wa sinema."

Jumamosi tukaenda dukani, mwendo mrefu kaskazini mwa Rockville, na kwa kuwa Mama alikuwa zamu, nikaenda nao. Nilivaa viatu vyangu vya Idi, maana nilidhani ni mahali pa heshima. Muuzaji alikuwa mama wa Kizungu aliyesuka nywele zake nyeupe mkia mmoja. Alimsikiliza Baba mpaka mwisho, akatoa vile vioo viwili vikiwa peke yake, bila bastola, akavilaza juu ya kipande cha zulia. Ukutani kilining'inia kichwa cha kulungu kilichokaushwa, na hicho ndicho kilichokuwa shabaha yetu.

Baba akaangalia, Njuguna akaangalia. Niliuliza kama na mimi naweza. Yule mama akamtazama Baba, Baba akaitikia kwa kichwa.

Nilianza na darubini. Mwanzo niliona giza tupu, kwa sababu nilikuwa nimeibandika jichoni. Muuzaji akaninyoosha mikono mpaka mwisho, na mara ikatokea duara ya mwanga, na ndani yake pua ya kulungu, kubwa, nyeusi, ina vumbi. Nikisogeza kichwa kidogo inapotea. Na ule msalaba wa katikati haukutulia hata kidogo, ulicheza kwenye pua kama inzi. Nikauliza nani anautikisa.

"Ni wewe," Baba alisema. "Mkono hutetemeka kila wakati. Darubini inaukuza mtetemeko pia. Na mimi ulinichezea hivyo hivyo."

Kisha nikashika kile kijidirisha.

"Nukta iko wapi?" niliuliza, kwa Kiingereza, kama nilivyokuwa nikisema kila kitu siku zile.

"Hiyo nyekundu," alisema Njuguna.

"Hii si nukta. Hii ni koma."

Njuguna alicheka mpaka akashika kaunta. Baba hakucheka. Alikichukua kioo, akaangalia tena, muda mrefu zaidi, akaniuliza polepole kwa Kiswahili, "Mkia wake umeelekea wapi?"

"Chini, upande wa kulia."

"Hata mimi," alisema. "Nilidhani ni kioo kibovu, nikanyamaza."

Njuguna akaangalia, akaapa kwamba yeye anaona kitu cha mviringo kama punje ya mtama. Sasa hapo mimi nikashikwa na hamu. Nilikigeuza kioo ubavu. Mkia ukabaki palepale. Nikakirudisha, nikalaza kichwa changu begani. Mkia ukalala pamoja na mimi.

"Baba, mkia hauko kwenye kioo. Uko kwangu."

Yule mama aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Akaniuliza taa za magari usiku huwa naziona vipi.

"Zina ndevu," nilimjibu, "kama kawaida."

Jamani, mimi nilikuwa nachora taa zote zikiwa na ndevu, na mwalimu alikuwa amebandika michoro yangu ukutani akinisifia ubunifu. Sikujua kwamba wengine hawazioni hivyo. Nilimgeukia Baba aniunge mkono, nikamkuta anatazama mlangoni, kule barabarani, kama mtu anayezihesabu upya taa zote alizowahi kuziona.

"Na wewe pia, mwanangu?" alisema.

Muuzaji akavirudisha vioo vyote viwili kabatini. Alimwambia Baba asinunue kitu siku hiyo, aanze kwa daktari wa macho, yeye na mimi.

Daktari alikuta ni lile tatizo la jicho kutokuwa na umbo la mviringo kamili, nami nimelirithi kwa Baba. Siku tuliyochukua miwani tulisimama wote wawili kituo cha basi pale Langley Park, kumeshaanza kuwa giza, tukitazama taa za barabarani zilizonyolewa ndevu. Basi letu likapita na hatukulipanda.

Akiwa na miwani yake, nukta ikawa nukta, na hicho ndicho kioo alichochagua. Njuguna alinung'unika sana. Baba alienda uwanja wa shabaha wiki baada ya wiki, akipiga karatasi, akisogea nyuma taratibu mpaka pale risasi zilipoanza kutawanyika. Kisha akapima umbali huo msituni, akafunga vitambaa kwenye miti kuzunguka mahali anapokaa.

Msimu ulipofika alienda, akarudi mikono mitupu tena. Safari hii alikuwa na furaha. Njuguna alikuja nyuma yake akilalamika kwamba dume kubwa lilisimama mbele yao, mbele kabisa, na huyu mtu wenu akaweka bastola chini.

"Alikuwa nyuma ya kitambaa," Baba alisema, akifungua kamba za viatu.

"Hatua chache tu," Njuguna alisema. "Hatua chache, mama Rehema."

Mimi nilikuwa nimeshawaahidi wenzangu shuleni pilau ya kulungu, kwa hiyo nilimkasirikia. Niliona amenunua kioo cha bure. Nilidhani, kama Njuguna, kwamba kioo ni cha kukufikisha mbali zaidi.

Nimekuja kuelewa baadaye sana kwamba Baba hakuwa akitafuta kufika mbali. Alitaka kujua uwezo wake unaishia wapi, ili asimwache tena mnyama anakufa peke yake gizani.

Mwaka jana, bila mtu kumwomba, alinikabidhi ufunguo wa gari lake tukiwa tunakunywa chai. "Mchana nitaendesha, hapa hapa karibu," alisema. "Usiku, na mvua ikinyesha, utaendesha wewe." Rafiki zangu hugombana na wazazi wao kwa miezi wakiwaomba waache kuendesha usiku, wengine wamefika hadi kuficha funguo. Mama alimuuliza kama ana hakika. Akasema anayo, akaomba aongezewe sukari.