Gego la Swaibu na Masharti ya Hajati

Swaibu Maftah, mkaanga samaki wa Ggaba, ufukweni mwa Kampala, aliwahi kumzika shangazi mmoja mara mbili. Mara zote ilikuwa siku ya kulipa rejesho la mkopo, na mara zote wanachama wenzake wa chama cha akiba walimchangia rambirambi. Mkopo wenyewe aliuchukua kununua friza ya mtumba, na friza ikafa kabla hajamaliza kuilipia.

Shangazi alipoonekana sokoni Kasubi akichagua mkeka, chama kiliketi. Hawakumshitaki. Walimpangia upya: kila Ijumaa apeleke kiasi kidogo kwa mweka hazina, Hajati Umulkheir, na asikope popote mpaka amalize. Swaibu akalipa kwa miezi kadhaa bila kuua jamaa yeyote.

Kisha gego likaanza kumsumbua. Akatafuna karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi. Jirani akamshauri asukutue kwa waragi, ile pombe kali, na kutema. Alisukutua sana, kutema akasahau. Shavu likavimba hadi wateja wakamuuliza nani kampiga, na wengine wakasema wao wamechelewa tu kumpiga.

Ijumaa hiyo alikwenda kwenye duka la mikeka la Hajati, pesa za rejesho mfukoni, kuomba ruhusa ya kuzipeleka kwa daktari wa meno.

"Toa hiyo peremende," Hajati alimwambia.

"Si peremende, Hajati. Ni jino."

Hajati akanyoosha kidole, akalibonyeza shavu. Swaibu akaketi kwenye mikeka, machozi yakimtiririka. Hajati alimtazama, kisha akafunga duka. "Twende kwa huyo daktari wako. Ukiwa unanidanganya, nitaling'oa mwenyewe."

Daktari Guerschom, Mkongomani mwenye kliniki ndogo juu ya duka la matairi, alichungulia mdomoni na kupiga picha. "Jino hii inaweza kupona," alisema. "Nasafisha mizizi, naziba, naivika kofia. Ama naing'oa."

Gharama ya kuliponya ilikaribia deni lote lililobaki. Kuling'oa kulihitaji pesa zile za mfukoni na nyingine kidogo.

"Ng'oa," Hajati alisema.

"Hajati, jino ni langu."

"Na deni ni la nani?"

"Mama," daktari alisema, "tuache mgonjwa aseme."

Swaibu hakuzoea kuachiwa aseme. Aliuliza kama ataweza kula bila gego lile. Daktari akamjibu kwamba atatafuna upande wa pili, na kwamba watu wengi wanaishi hivyo na kunenepa. Swaibu akalishika shavu lake kwa kiganja.

"Basi ling'oe. Lakini Hajati, Ijumaa hii na ijayo sileti kitu. Nitazilipa mwishoni. Wala sisemi kuna mtu kafa. Nasema sina."

Hajati alimkagua usoni, kana kwamba alikuwa akitafuta uongo ulipojificha. Hakuupata. "Mbili," alisema. "Ya tatu ukija mikono mitupu, huyu daktari nitamleta Ggaba na koleo lake."

Ganzi iliposhika vibaya, Swaibu alitukana kwa Kiganda matusi ya pale mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki. Hajati, aliyezaliwa na kukulia Kampala, akajifanya hajui lugha hiyo. Alikuwa amemshika mkono, na hakuuachia mpaka jino lilipolia ndani ya kibakuli.

Chini barabarani alimnunulia maji ya matunda yenye mrija. Swaibu, mdomo umejaa pamba, akatikisa kichwa: daktari alikuwa amemkataza kunyonya chochote. Hajati akayanywa mwenyewe hadi mrija ukakoroma, akampandisha kwenye teksi ya Ggaba.

Ijumaa ya tatu, Hajati alipofika kufungua duka, alimkuta Swaibu amekalia ngazi, noti zimekunjwa kiganjani zikinuka samaki. Akazihesabu mbele yake, kama kawaida, kisha akamwambia afungue kinywa aone kidonda kimefikia wapi.