Kupunguza Mwendo wa Feni ya Mama

Kidude cha ukutani cha kupunguzia mwendo wa feni kiliungua wakati joto la Mji wa Kale halina huruma. Feni ya chumbani kwa mama ikabaki na mwendo mmoja tu, wa kung'oa paa. Kifua chake kilikuwa kimeshachoka. Ukiiwasha, upepo unampiga, anakohoa mpaka macho yanamtoka. Ukiizima, jasho linamtiririka na pumzi zinamkatika.

Dada yangu akataka kumhamishia kwake Mbaraki, kwenye ghorofa yenye kiyoyozi. Mama akakataa katakata.

"Sitoki hapa mimi. Hapa ndipo ntakapofia."

Nilijua akitoka harudi tena. Nikajifunga kibwebwe.

Fundi mmoja wa Bondeni aliniambia ninunue kapasita, kikopo cheusi chenye nyaya mbili, kisha nikate waya wa feni na kuiunga hapo katikati. Nikachagua kubwa kuliko zote. Akili yangu iliniambia kubwa ndiyo itakayozuia zaidi. Fundi akacheka.

"Dadangu, kubwa hupitisha umeme mwingi. Wataka pole, twaa ndogo."

Nikamwona anataka kunisukumia mabaki yake, nikaondoka na ile kubwa. Nikapanda stuli, nikaunga, na feni ikavuma vilevile. Mama akakohoa hadi nikashindwa kumtazama.

Nikarudi Bondeni nimenuna. Fundi akanipa ndogo. Hiyo ndiyo iliyofaa. Mapanga yakazunguka taratibu, unaweza kuyafuata kwa macho.

"Alhamdulillahi," mama akasema. "Sasa napumua, mwanangu."

Nililia jikoni kwa furaha. Hakuhamishwa. Siku alizobakiza aliziishi kwake, na akafia kitandani mwake.

Kabla hajaoshwa, wanawake walijaa chumbani. Joto likapanda, wakawa wanajipepea kwa ncha za leso.

"Ongezeni feni, jamani!"

Haikuwa na pa kuongezwa. Dada akanitazama. Nikazima umeme wa nyumba, nikapanda juu, nikaitoa kapasita, nikaunga waya moja kwa moja. Umeme uliporudi, feni ikavuma kwa nguvu zake zote. Wanawake wakanishukuru. Upepo ukainua shuka aliyofunikwa mama, pale kifuani, nami nikarukia swichi nikaizima, asije akakohoa.