Bango la Kima

Itto Oumlil ni fundi cherehani hapa mjini kwetu Azrou, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Kilichomtoa dukani ni kima wa msituni. Watalii walizoea kusimamisha magari chini ya mierezi na kuwarushia karanga, mpaka kima wakaacha kuhangaika na majani na mizizi. Wakawa wanashinda kando ya lami, vitambi vimewatoka, wanasubiri kurushiwa. Magari yakawa yanawagonga.

Na muuza karanga mkubwa pale barabarani ni Haddou, mdogo wake mumewe.

"Shemeji, yaani unanitoa tonge mdomoni kwa ajili ya kima?" Haddou alimwuliza.

"Wewe unawatoa roho kwa ajili ya tonge."

"Basi nitafutie kazi. Nikipata kesho, kesho hiyohiyo karanga nazila mwenyewe."

Itto hakuwa na kazi ya kumpa, na hilo lilimkera zaidi ya maneno yenyewe.

Chama chake cha mazingira kiliwahi kuwafukuza wauzaji. Wakahamia upande wa Khenifra. Huko nako walipofukuzwa, wakaenda Midelt, kisha wakarudi kwetu. Itto akaona dawa ni vyama vya miji yote mitatu kushikana. Mwaka mzima alipanda teksi kwenda kuwabembeleza wenyeviti, huku nguo za watu zikimsubiri dukani. Mwishowe walikaa meza moja (kwetu mwanamume wa heshima huitwa Si, mwanamke Lalla): Si Moha wa kwetu, Si Bouazza wa Khenifra na Si Lahsen wa Midelt. Wakakubaliana kuweka bango kubwa msituni, na kila Jumapili kila chama kitoe watu wa kusimama kwenye kipande chake cha barabara kuwazuia watalii kuwalisha kima.

Kisha likaja suala la majina. Chama gani kiandikwe juu?

"Sisi ndio wakongwe," alisema Si Moha.

"Ukongwe si kazi," alijibu Si Bouazza. "Watu wetu ndio wengi."

"Fuateni alfabeti, tumalize," alisema Itto.

"Alfabeti ipi?" aliuliza Si Lahsen. "Ya Kiarabu, ya Kiamazighi au ya Kifaransa?"

Alasiri yote ikaishia hapo. Bango lilipokuja kusimamishwa, Khenifra walikuwa chini kabisa, na Si Bouazza akanuna.

Jumapili ya kwanza, watu wa Midelt walifika, wakapiga picha mbele ya bango, wakala kuskusi aliyopika Itto, wakaondoka kabla ya alasiri. Wa Khenifra hakuonekana hata mmoja. Haddou alipoona kipande chao hakina mtu, akabeba kapu lake akahamia huko. Jioni akampigia simu Itto.

"Shemeji, njoo. Njoo tu."

Itto alimkuta ameketi kando ya lami. Kima jike alikuwa amelala barabarani, kichwa kimepasuka, na mtoto wake bado amemng'ang'ania tumboni. Gari lililomgonga lilishapita.

"Mimi sikumwita," alisema Haddou. "Alikuja mwenyewe."

"Alikuja kwa sababu upo."

Haddou ndiye aliyemfunga mtoto yule katika koti lake, wakampeleka kwa askari wa misitu. Mtoto yule hakumaliza wiki.

Jumatatu, siku moja baada ya ajali ile, Itto alinunua rangi nyeupe, akapanda ngazi, akafuta majina yote matatu. Akaacha picha ya kima na maneno mawili: *Msitulishe. Tunakufa.*

Siku ya tatu, gari moja lilisimama mbele ya nyumba yake, wakashuka wenyeviti wote watatu. Watu ambao hawakuwahi kukubaliana hata saa ya mkutano walikuwa wamebanana kwenye gari la Si Lahsen. Itto aliwamiminia chai ya mnanaa.

"Umetudhalilisha, Lalla Itto," alisema Si Moha.

"Nilipowaita barabarani kwa ajili ya kima, ninyi wenyewe hamkuja. Kwa ajili ya rangi mmekuja na petroli mmechangiana."

"Usitugeuzie maneno. Kuanzia leo humo tena kwenye umoja huu," alisema Si Bouazza, na wenzake wakaitikia kwa kichwa.

"Na Jumapili nani atasimama barabarani?"

Si Lahsen akaomba sukari zaidi.

Walipanga kuyaandika majina upya, lakini kila wakikutana wanakwama kwenye jina la juu, kwa hiyo bango limebaki lilivyo. Itto anaendelea kwenda Jumapili, na wanawake wawili wa mtaani kwetu. Wakimzuia dereva mmoja, watatu wanapita na karanga zao. Haddou alikaa mwezi mzima bila kuuza, akatafuta kibarua machimboni, akakosa. Sasa amerudi, ila amevuka kona, shemeji yake asimwone. Itto anajua yuko wapi. Anawaona kima wakielekea huko.