Wasifu Uliojihifadhi Wenyewe

Wiki tuliyokuwa tukijiandaa kumzika baba, kazi niliyopewa ilikuwa kuandika wasifu wake, na kazi niliyoifanya ilikuwa kuchezea mipangilio ya kompyuta. Mimi huandikia kwenye programu iliyotengenezwa kwa watu wanaounda programu za kompyuta, ingawa sijui kuandika hata mstari mmoja wa msimbo wao. Rafiki wa chuo kikuu aliniwekea zamani, nikaipenda skrini yake nyeusi, kwa sababu mtu akipita nyuma yangu hudhani nafanya jambo la maana.

Betri ya kompyuta hiyo ilikufa kitambo, hivyo inaishi kwa waya wa ukutani. Kwetu, kwenye mashamba ya chai juu ya mji wa Litein, mawingu hukusanyika baada ya chakula cha mchana na stima hupotea hata kabla ya tone la kwanza. Basi nikajiambia siwezi kuandika neno juu ya baba mpaka nijue neno hilo litakuwa salama. Nikaipangia programu ijihifadhi yenyewe kila ninapoinua vidole. Nikaona haitoshi, nikaongeza nakala kwenye flashi, iandikwe juu ya ile iliyotangulia ili flashi isijae. Palikuwa pia na mahali pa kutunza matoleo ya zamani ya faili. Nikapazima, nilitaka usafi. Nikainuka kuangalia hema la waombolezaji likisimamishwa, nikarudi, nikabadilisha rangi ya herufi.

Mama ndiye aliyenituliza. Alikuja na kiti chake, akasema kuna jambo moja tu analotaka lisomwe.

"Hayo mengine ni ya kamati ya mazishi," alisema. "Hili ni langu."

Mwaka mama alipovunjika mguu, baba alikuwa akiingia jikoni kabla ya kupambazuka, anafunga mlango, anamkorogea uji, kisha anatokea mlango wa nyuma kwenda kuchuma chai kama mtu aliyetoka kuamka. Mwanamume wa rika lake kushika mwiko! Hata leo wazee wetu hawalisemi ovyo. Mama alisimulia kwa Kipsigis, nami nikaandika kwa Kiswahili papo hapo, maana majirani wengi walitoka kando ya ziwa kuja kufanya kazi katika kiwanda cha chai, hawajui lugha yetu, nao wangekuwepo mazishini. Alipomaliza alijifunika uso kwa leso, akaondoka na kiti chake.

Alasiri iliyofuata kamati ikaja kukagua. Kamati yenyewe ni wadogo wawili wa baba.

"Soma pole pole, profesa," alisema mkubwa wao.

Nikasoma. Shule, kanisa, miche ya kwanza ya chai. Wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilipofika kwenye uji, mkubwa akaweka kikombe chini.

"Kijana, unataka watu wacheke ndugu yetu akiwa kwa sanduku?"

"Ni mama alisema, baba," nikajibu, maana kwetu ndugu ya baba naye huitwa baba.

"Mama yako ako na uchungu. Mtu wa uchungu husema yote."

"Alikuwa anapika?" mdogo akanong'ona, kana kwamba ameambiwa juu ya wizi. "Huyu huyu alikuwa anatuchapa tukikaribia jiko?"

"Toa hiyo," mkubwa akaamua. "Weka alikuwa mtu wa msimamo."

Nina mvi, lakini kwao bado ni kijana. Kwetu hubishani na ndugu za baba yako ilhali baba yako hajazikwa. Unakubali, unafuta wakikuona, wakishaenda unarudisha. Nikafuta huku wakitazama vidole vyangu, nikijua kwamba vitufe viwili tu vingelirudisha lile jambo. Nikaandika kuwa alikuwa mtu wa msimamo. Wakaomba chai nyingine, na stima ikapotea wakiwa bado wanakunywa.

Iliporudi, wao wameshaenda, programu ilifunguka bila doa. Nikabonyeza vile vitufe viwili. Hakuna kilichorudi. Kumbukumbu yake ilikuwa imezimika pamoja na mashine. Nikafungua flashi: mtu wa msimamo. Nikatafuta matoleo ya zamani, nikakumbuka ni nani aliyeyazima. Nilikuwa nimejikinga na mvua kwa kila njia, nikasahau kwamba naishi na watu.

Mtu wa kuchapisha vijitabu vya mazishi, ambavyo wasifu ungekuwa ndani yake, akapiga simu kutoka Litein: anataka faili kabla hajafunga duka. Nikajaribu kuandika upya. Habari nilikuwa nayo yote, lakini kila nilipoiandika ilitoka imevaa tai: "Marehemu alikuwa na mapenzi ya dhati kwa mkewe." Nikafuta. Nikazunguka nyumba. Kumwomba mama aseme tena kitu kile! Nilifika mlango wa jikoni, nikarudi, nikafika tena.

"Unatafuta nini hapo kwa mlango kama kuku?" mama akaniuliza.

"Ile maneno yako, mama. Imepotea kwa kompyuta."

"Imepotea ama wamekuambia utoe?"

"Zote mbili."

Wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakacheka. Yeye hakucheka. 

"Andika, alinipikia uji mwaka niliovunjika mguu. Ulikuwa na madonge. Nilikunywa nikamaliza. Wacha hapo."

Safari hii hapakuwa na alfajiri wala mlango wa nyuma. Kama maneno ya kwanza yalikuwa mazuri zaidi, sitajua. Niliandika kwenye simu nikiwa nimesimama, nikamtumia mchapishaji pamoja na wasifu uliobaki, nikamsihi achape mara moja.

Nikiwa njiani kwenda kuchukua vijitabu, mkubwa wa kamati akapiga simu. "Ile ya uji ulitoa?"

"Ile mliona nilitoa, baba. Haiko tena popote."

"Vizuri, kijana."

Sikulala vizuri, maana aliyepangiwa kuusoma wasifu ni huyo huyo. Kesho yake alisimama mbele ya jeneza, akasoma shule, kanisa na miche, kisha akafika kwenye uji. Vijitabu vilikuwa mikononi mwa watu wote, kila jicho likimfuata mstari kwa mstari. Hakuwa na pa kurukia. Akasafisha koo, akasoma yote pamoja na madonge, haraka, kama mtu anayevuka barabara.