Nchi Isiyojaza Hitima

"Nyumba ya watu hiyo, Talha! Unaingia bila hodi, unawavunjia mitungi yao, na mwenye nyumba anakutazama tu, meno nje. Huyo ni mtu huyo?"

"Mama, hilo ni gemu."

"Najua ni gemu, sijasema ni msikiti. Nauliza, huyo ni mtu?"

Ndivyo walivyokuwa wakigombana kila mchana, Chausiku na mwanawe, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao ya Mtoni, Temeke, mwaka wa tisini na tisa. Talha alikuwa chini kwenye godoro, mgongo kauegemeza ukutani, kidude cha kubonyeza kakilaza juu ya tumbo kwa sababu mikono haikuwa na nguvu ya kukinyanyua. Kwenye TV kijana mwenye upanga alikuwa juu ya farasi, anavuka mto, anaambaa na msitu. Talha alikuwa baharia. Mashine ile aliinunua kwenye bandari za watu, akarudi nayo nyumbani kwenye begi moja na kikohozi.

"Tazama nchi yote hii," alisema. "Nakwenda ninakotaka. Hakuna geti, hakuna wa kuniuliza karatasi. Jua linatoka, jua linazama. Mlima ule unaouona kule, nikiutaka naufikia."

Chausiku alikuwa anamenya mihogo ya kukaanga, beseni katikati ya miguu. "Mlima nimeuona. Watu wako wapi? Tumetoka kijijini asubuhi, jua hilo linazama, tumekutana na nani? Mazimwi. Mazimwi mengi kuliko binadamu! Nani anawalimia hao? Mafuta ya taa wananunua wapi? Mtu akifa humo anazikwa na nani? Nchi nzima, watu wake hawatoshi kujaza hitima moja."

Talha alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, mama akamshikia kopo.

Kwa hitima Chausiku alikuwa anasema anachokijua. Alizaliwa Mbwamaji, akasoma mpaka darasa la nne, akaolewa na Mwinshehe, kuli wa bandarini. Kiwanda cha nguo alikifanyia kazi miaka kumi na saba, wakaja wenye kiwanda wapya, wakapunguza watu, naye akapunguzwa. Mwinshehe akaona njaa inaingia mlango wa mbele, akatokea wa nyuma kwenda Pugu kwa mke mdogo. Alichobakiwa nacho Chausiku ni heshima ya misibani. Akifa mtu Mtoni, wa kwanza kufika ni yeye na sufuria lake la kulisha ukumbi mzima. Akiwa maiti mwanamke, wa kumimina maji ya kuoshea ni yeye. Na mdomo alikuwa nao. Siku ya tatu, wakati watu wanakunja mikeka, angekutajia mmoja mmoja ambaye hakufika, sababu aliyoitoa, na kama sababu ile ilikuwa ya kweli.

"Mama," Talha alisema pumzi ilipomrudia, "yule mwanamke wa kisimani, kule kijijini, umemwona?"

"Yule anayesema neno moja kama kasuku."

"Neno moja, sawa. Lakini kila nikipita ananisalimia. Jana kanisalimia, leo kanisalimia. Haya, nitajie wa mtaa huu. Tangu mfungo umalizike, nani kapiga hodi mlango ule?"

Chausiku akamenya muhogo uliokwisha kumenywa.

"Nchi yangu ina watu wachache," Talha alisema, "ila hakuna anayevuka barabara akiniona. Nikifa, mama, watakuja wangapi?"

"Koma!"

"Nauliza tu. Wa kubeba watatosha?"

Chausiku alitupa kisu kwenye beseni akatoka uani, akasimama kule anaangalia ukuta. Jibu alikuwa nalo. Hata sababu alikuwa nayo.

Mwaka uliopita, nyumba ya nne kutoka kwake, alikufa Munira, binti wa Bi Hija. Alikufa kwa ugonjwa huu huu wa Talha, ule ambao watu hawautaji, wanasema fulani kakanyaga miwaya. Siku ile Chausiku alifunga kanga zake, akasema shangazi yake ni mgonjwa, akapanda pantoni, akavuka maji kwenda Mbwamaji. Vidole vyake vilikuwa na michubuko ya kisu. Aliogopa maji ya kuoshea maiti yasimrukie. Wanawake wengine walipoona bingwa wa misiba kaondoka, nao wakapata ruhusa, huyu kaumwa kichwa, yule kaitwa shuleni.

Kukosa mazishi kuna dawa yake. Unarudi, unakwenda kuhani, unatoa ubani wako, hata mwezi ukipita. Chausiku hakwenda. Mwanzo kwa aibu, baadaye kwa mazoea, akawa anapita njia ya nyuma. Mwaka na miezi miwili. Na Mtoni hawapigi kura kumtenga mtu. Wanamwacha tu na mlango wake.

Kesho yake asubuhi, baada ya maneno yale ya Talha, Chausiku alifunga kilo ya sukari na noti ya ubani kwenye leso, akajitanda kanga, akaenda kwa njia ya mbele.

"Hodi. Hodi hapa."

Bi Hija alikuwa anaanika nguo. Aligeuka, akamwona, akaendelea kuanika. Hodi ya tatu ndiyo aliyoijibu. "Pita, kama una haja."

"Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuhani."

"Nimefiwa na nani?"

"Munira."

"Aa, Munira." Alikung'uta shuka. "Majani ya kaburi nimeshang'oa mara mbili. Ndiyo unatoka Mbwamaji leo? Shangazi kapona?"

"Hakukuwa na shangazi."

"Kwani hatujui? Shangazi yako tulimzika sote, pilau ukapika wewe."

Chausiku alikaa chini, si kwenye mkeka, mchangani. "Niliogopa, Bi Hija."

"Na mie niliogopa. Nikamwosha na woga wangu. Mie na wifi yangu, wawili. Maji nichote mie, nimimine mie, nimgeuze mie. Kumimina ulikuwaga unamimina wewe. Jeneza limebebwa na watu sita, wakichoka hakuna wa kuwapokea. Wakaliweka chini njiani mara mbili. Wewe uliyezika Mtoni nzima, umepata kuona jeneza limewekwa chini barabarani, watu wanajifuta jasho?"

Chausiku alilia, na si kile kilio cha msibani alichokuwa akiwaongozea wenzake. Hiki kilitoka vipande vipande, na kamasi. Bi Hija hakumnyamazisha. Alilimaliza beseni lote, nguo baada ya nguo, ndipo akauliza, "Kijana wako?"

"Tangu juzi hajameza kitu."

"Sitakudanganya, Chausiku. Sikumwombea mabaya. Ila kila nikipita nikiona mlango wako hauna viatu vya mgeni, nilikuwa nasema, na aonje."

"Ulikuwa na haki."

"Sikuwa na haki. Nilikuwa na uchungu tu." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Leo siji kwako. Nikija leo nitamtazama mwanao kwa jicho baya, naye hana kosa. Kesho nitaleta uji. Nitawaambia na wenzangu."

Chausiku alimnyooshea ile leso kwa mikono miwili. Bi Hija aliiangalia, akaiacha mikononi mwa mwenziwe mpaka alipolikung'uta beseni na kuliegemeza ukutani. Kisha akaipokea, bila kuifungua.

"Ubani wa Munira nimeupata," alisema. "Inuka mchangani. Sikudai tena."