Kuba Yenye Tundu

Mwezi wa sita hapa Maskati, paa la nyumba si pahala pa kukaa mtu saa sita za mchana. Mwaka ule nilipanda kwa magoti haya haya, kwa sababu mwanangu alikuwa ametamka kwamba mjukuu wangu aache masomo ya ujenzi, akasome uhasibu.

Chanzo kilikuwa hekalu. Chuoni walitakiwa kila mmoja atengeneze mfano mdogo wa jengo la kale, na msichana wetu akachagua hekalu la kuba la Warumi, lile lililosimama Roma mpaka leo. Alibandika magazeti kwa gundi juu ya bakuli langu la kukandia unga, yakakauka yakawa kuba, akaiweka juu ya ukuta wa duara wa kadibodi wenye mlango mmoja. Utosini akaacha tundu la duara. Jumatano jioni baba yake alirudi kutoka wizarani akalikuta sebuleni, pale tunaposali jamaa.

"Nyumba ya masanamu, Mama, humu ndani? Kesho itoke. Na masomo yenyewe basi."

Mtoto aliingia chumbani akalia. Nimesomesha Kurani watoto wa watu, Unguja na hapa mtaani kwetu Khuwair, na kilio cha ukaidi nakijua. Hiki hakikuwa hicho. Nikamfuata.

"Nieleze hilo jengo lako. Pole pole."

Akalileta hekalu chumbani, akainua kuba, akatia mpira ndani, akafunika: ukagusa sakafu chini na kuba juu. Kimo na upana ni sawa, alisema, ili anayeingia ajione yumo ndani ya ulimwengu mzima. Kuba ndiyo mbingu, tundu ndilo jua. Miraba iliyochimbwa ndani ya kuba hupungua kila inapopanda, ikapunguza uzito na kulivuta jicho juu. Dirisha hakuna. Mwanga wote hupita tunduni, na duara lake hutembea ukutani kutwa.

"Na mvua?"

"Inaingia, Bibi. Sakafu ina vitundu vya kutolea maji."

"Na hilo duara hufika katikati ya sakafu?"

"Kule halifiki. Jua lao haliji utosini."

Nikamshukuru Mungu, maana letu hapa mwezi wa sita huja utosini hasa. Nikaenda kwa mwanangu, nikamwambia: "Kesho Alkhamisi, wizara imefungwa, huendi kazini. Kabla ya adhuhuri tupande juu, kisha uamue."

"Mama, jua lote lile?"

"Nna miguu. Nawe unayo."

Alkhamisi tukapanda, tukasimama baina ya viyoyozi na madishi. Mjukuu aliweka hekalu chini, akarudi nyuma. Baba yake akashika kichwa.

"Ala! Umelielekeza kibla!"

Kweli. Kile kishubaka kinachokabili mlango, pahala pa sanamu, kilitazama Makka sawasawa kama mihrabu.

"Mkono umezoea, Baba," alisema mtoto.

"Basi leo Warumi watasali nasi," nikasema. Mwanangu aligeuza uso, lakini mabega yalimtikisika. Nikaligeuza mlango uelekee kaskazini, kama ulivyo kule, nikamwambia achungulie.

Alipiga magoti juu ya kandambili zake. Vivuli vyetu vilikuwa vimejificha chini ya nyayo. Duara la mwanga lilijivuta pole pole, likakaa katikati ya sakafu, kamili.

"Waliojenga hawakuliona hili," nikamwambia. "Walijua mbingu ni kubwa, wakakosea wa kumwabudu. Mola wetu ameinua mbingu bila ya nguzo tunazoziona. Mtoto anajifunza kuinua kuba. Utamkataza?"

Jasho lilimdondoka kidevuni. Nilisubiri, kusubiri nakuweza.

Duara likaanza kusogea upande wa mashariki.

"Jua limepinduka," alisema. "Adhuhuri imeingia." Akainuka, akashika hekalu upande mmoja. "Shika huko, mwanangu. Taratibu, gundi isije ikayeyuka. Tuliweke chumbani kwako, si sebuleni. Na Jumamosi, wiki ikianza, ntakupeleka chuoni mwenyewe."

Wakateremka nalo. Mimi nikafuata nyuma, nikishika ukuta, kwenda kutawadha.