King'ora Kilichoacha Uongo

Nobert Masereka alizaliwa Bwera, karibu na mpaka, mahali ambapo mtoto huanza kuvusha mizigo kabla hajajua kusoma vizuri. Yeye mizigo haikumvuta, zilimvuta nyaya. Redio zilizokufa, jenereta za wauza soda, taa za pikipiki, vyote vilipita mikononi mwake, mpaka chuo cha ufundi kikamchukua na kumfundisha PLC. Hiyo ni kompyuta ndogo isiyo na kioo, hufungwa ndani ya kabati la chuma na kuuamuru mtambo mzima: wewe zunguka, wewe simama, wewe subiri kwanza. Watu wengi hawajawahi kuiona, na aliyeiona ameona vijitaa vyake tu, akapita zake.

Miaka michache baada ya mafuriko makubwa ya Kilembe, Nobert alipata kazi kwenye kituo kidogo cha umeme wa maji, juu upande wa Bulembia. Kijito chenyewe hakina jina la kujivunia. Kinashuka mlimani, kinazuiliwa na bwawa dogo, maji safi yanaingia kwenye bomba na mchanga unatuama chini. Mchanga ukijaa na maji yakipanda, PLC hupiga king'ora, husubiri kidogo, halafu hufungua lango la chini. Hapo maji na mawe hutoka kwa kishindo na kuteremka bondeni.

Na huko bondeni ndiko watu walikopatia riziki. Mafuriko yalikuwa yamebomoa nyumba nyingi, na kila anayejenga upya anataka mchanga. Kwa hiyo wanaume walisimama katikati ya mto na sepetu zao, wanawake wakabeba beseni, lori likangoja juu ya ukingo. Hodari wao alikuwa Kosmasi, mtu mrefu mwenye maneno mengi, na mkewe Yunia, ambaye maneno yake yalikuwa machache lakini yalifika.

Sasa, king'ora kile kilikuwa na ugonjwa. Bwawani vilining'inia vijiti viwili vya chuma, na hivyo ndivyo vilivyokuwa macho ya PLC. Maji yakivigusa, habari hupita kwenye waya. Lakini mahali fulani waya ulileta habari za uongo, zikaja na kukatika, zikaja na kukatika. PLC iliposikia, ilipiga king'ora. Ilipongoja, habari ikakatika, basi lango halikufunguka, maana programu iliandikwa hivyo kwa busara: usifungue bila hakika. Kila mara kilio, na maji hayaji. Kituo kikaamua kufungua lango kwa mkono, alfajiri, kabla watu hawajashuka mtoni.

Mwanzoni watu walikimbia. Yunia aliwahi kuanguka na beseni akachubuka goti. Jumapili moja Kosmasi akamkamata Nobert nje ya kanisa.

"Fundi! King'ora yako iko mulevi? Inalia asubui, inalia mchana, na hata pombe hatujaipa!"

Watu wakacheka. Nobert naye akacheka, akawaonea huruma kwa kukimbia bure.

"Inaumwa," alisema. "Musikimbie tena. Siku nitaitibu, nitakuja mimi mwenyewe kuwaambia."

Neno la fundi lilishika kuliko king'ora chenyewe. Tangu siku ile kikilia, walicheza. Kosmasi aliikumbatia sepetu yake kama mwanamke wa harusini, akazunguka nayo majini, na wenzake wakampigia makofi juu ya beseni. Madereva wa lori walisimama kutazama. Ikawa ndiyo mapumziko yao.

Nobert aliutafuta ule ugonjwa kwa muda mrefu. Alisafisha vijiti, ukabaki. Alibadilisha kadi ya PLC inayopokea habari za nje, ukabaki. Alikaa mbele ya kabati na laptopu magotini, akitazama mistari ya programu, jinsi kijitaa kimoja kinavyowaka na kuzima bila adabu, mpaka akajua kwamba PLC haidanganyi, inadanganywa. Akaufuata waya kwa mikono, hatua kwa hatua, ukutani, chini ya daraja la mbao, hadi kwenye kiboksi cha maungio kilichofichwa na majani. Alipokifungua, maji yalimwagika miguuni pake. Shaba ndani ilikuwa imegeuka kijani kama ukoga. Alikata, akaunga upya, akaziba kwa mpira na gundi, akarudi mbio. Kijitaa kimezima. Kimetulia kama mtoto aliyeshiba.

Meneja wa kituo, Bwana Omara, mtu wa kaskazini, mpole ila mwenye haraka, alimpiga bega. "Umefanya kazi, Masereka! Basi leo tunaweka otomatiki." Akachomoa ufunguo mfukoni, akaigeuza swichi ya kabati kutoka mkono hadi otomatiki, akarudisha ufunguo mfukoni.

"Ngoja kwanza, bwana meneja. Nishuke niwaambie watu wa mchanga."

"Uwaambie nini? King'ora si ndiyo kazi yake kuwaambia?"

"Hawakiamini, bwana."

"Basi watakiamini. Tazama mlima." Huko juu wingu lilikuwa limeshika milima yote, jeusi, na mvua yake ilionekana kwa mbali kama pazia. "Maji yanakuja. Nikifungua kwa mkono nitachelewa, takataka zitaziba bomba, tuzime nusu nzima ya mji wa Kasese?"

Bisibisi ilikuwa mkononi mwa Nobert. Kulegeza waya mmoja tu wa lango, na lango lingebaki limefungwa. Alijua ni upi, ule wa bluu, wa tatu kutoka kushoto. Lakini alifikiri: nikishuka upesi nitawahi. Akaiweka bisibisi mezani, akatoka.

Njia ya kushuka ilikuwa ya utelezi. Bondeni jua lilikuwa bado linawaka, kama kawaida ya mlima ule, mvua kwake na jua kwenu. Nobert alifika ukingoni akihema.

"Tokeni! Tokeni mtoni wote!"

Kosmasi aliinua kichwa. Alikuwa mbali, kwenye kisiwa cha changarawe katikati ya mto. "Kuna nini, Fundi? Umefukuzwa kazi?"

"King'ora kimepona! Leo kikilia, maji yanakuja kweli!"

"Imepona? Nani alikuwa daktari yake?"

"Mimi! Kosmasi, toka, nakuomba."

"Daktari mwenyewe iko na tope mupaka kwa masikio!" Wakaangua kicheko. Lakini Yunia, aliyekuwa majini karibu na ukingo, alimtazama Nobert usoni, akaweka beseni kichwani na kupanda juu. Wanawake wengine wakamfuata. Wanaume wawili watatu wakaanza kuokota mashati yao, polepole, wakinung'unika kwamba lori halijajaa.

Ndipo king'ora kikalia.

Kililia vilevile kama siku zote. Sauti ileile, urefu uleule. Na Kosmasi, mbele ya wote, akaikumbatia sepetu, akaanza kuzunguka.

"Kosmasi!" Yunia alipiga kelele. "Baba watoto, acha!"

Nobert aliingia majini na viatu. Maji yalikuwa magotini, yakawa mapajani. Dereva wa lori alimshika ukosi kwa nyuma akamvuta. Kosmasi aliona uso wa fundi, akasimama katikati ya mzunguko, kicheko bado mdomoni. Akasikia mawe. Akageuka kukimbia, na hakuiacha sepetu, maana mtu wa mchanga haachi sepetu. Maji yalikuja yakiwa ya kahawia, marefu kama ukuta wa udongo. Yalipopita, kisiwa hakikuwepo.

Walimpata kesho yake, chini tambarare, amenaswa na mizizi.

Wakaguzi walikuja, pamoja na afande mmoja wa polisi. Nobert aliunganisha laptopu akawaonyesha kumbukumbu za PLC. Maji yalipanda, king'ora kililia, mtambo ukangoja muda wake wote, ndipo lango likafunguka. Hakuna kilichokosea.

"Mtambo ni safi," alisema Omara kwa sauti ndogo. Hakuwa akifurahi, alikuwa akishusha pumzi.

"Waandike pia kwamba mimi ndiye niliyewaambia wasikimbie," alisema Nobert.

Afande alimtazama. "Hiyo si mambo ya mtambo. Kaa chini."

Basi aliyasema mazikoni. Alisimama mbele ya watu wote, kofia mkononi, akasimulia neno alilolitoa nje ya kanisa, na waya wa bluu ambao hakuugusa. Alitegemea watampiga. Hawakumpiga. Yunia alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake, akamsikiliza hadi mwisho.

"Ulikuja kutuambia," alisema. "Nilikuona ukikuja. Lakini ulikuja na mikono mitupu, na lango uliliacha na kazi yake. Nenda, Fundi. Nenda nyumbani."

Akaenda. Kituoni hakurudi tena. Alirudi Bwera, akawa fundi wa mashine za kahawa kwa wafanyabiashara waliotoka upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Mmoja wao, Benoît, alinunua mkanda mrefu wa kusafirisha kahawa ndani ya ghala, unaoongozwa na PLC, na akataka kengele ya kuwaonya wanawake wachambuaji kabla mkanda haujaanza kwenda. Nobert aliifunga kengele. Kisha, kila siku aliyoshika kitu chochote kwenye kabati lile, hata skrubu moja, aliwakusanya wanawake wote.

"Mukisikia hii, mutafanya nini?"

"Tutatoka mukandani, Fundi. Tumesema jana."

"Tokeni basi, nione."

Walitoka, wakisonya. Siku moja mama mmoja, Emérance, alibaki ameketi ukingoni mwa mkanda, miguu imenyooshwa.

"Weye piga tu," alisema. "Mimi miguu inauma. Nitaondoka ikianza kwenda."

"Fundi!" Benoît aliita kutoka mlangoni, akionyesha lori nje. "Camion inangoja! Ule mama anajua kazi yake!"

Nobert alichomoa ufunguo wa kabati akautia mfukoni, akavuta gunia, akaketi karibu na yule mama. Benoît akaendelea kugomba, wanawake wakaendelea kusonya juani, na mkanda ukakaa kimya.